Kitulo Hutazamwa kwa Magoti

 

Mwambie Mtanzania yeyote kwamba mwisho wa mwezi unakwenda hifadhi ya taifa, uone. Swali la kwanza: simba wapo? Ukisema hakuna, atauliza tembo. Hakuna. Twiga je? Hakuna. Viboko? Nao hakuna. Hapo atanyamaza kidogo, halafu kwa upole kabisa atakuuliza, sasa ndugu yangu, kiingilio unalipia ukaone nini? Ukimjibu kwamba unakwenda kuona majani na maua, atakuuliza habari za watoto nyumbani. Mazungumzo yameisha.

Hifadhi ninayoisema ni Kitulo. Iko Nyanda za Juu Kusini, sehemu yake kubwa wilayani Makete, mkoa wa Njombe, na kipande kingine upande wa Mbeya. Ni uwanda wa nyasi uliokaa juu ya milima, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na safu za Kipengere, Uporoto na Livingstone. Eneo lake ni kilomita za mraba 413. Serengeti ina 14,763, kwa hiyo kwenye ramani ya ukutani Kitulo unaweza kuifunika kwa ncha ya kidole ukadhani haipo. Ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na katika Afrika yote ya kitropiki ndiyo ya kwanza kutengwa hasa kwa ajili ya mimea.

Wenyeji hawakusubiri tangazo la serikali. Wao walikwishaiita Bustani ya Mungu. Baadaye wakaja wataalamu na watu wa matangazo na jina lao, Serengeti ya Maua. Hili la pili mimi silipendi hata kidogo. Ni sawa na kumsifu binti kwa kumwambia anafanana na dada yake. Kitulo haifanani na Serengeti, na anayekwenda kule na macho ya Serengeti atarudi akilalamika kwamba kaibiwa nauli.

Nianze na njia, maana njia yenyewe ni nusu ya habari. Ziko mbili. Moja inachepuka barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, pale Isyonje, inapanda pole pole. Ya pili ni ya wenye moyo. Unashuka basi Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya na Dar es Salaam, katikati ya joto na vumbi la Usangu na magunia ya mchele. Mbele yako umesimama mlima. Gari linaugeukia mlima huo na kuanza kona. Kona ni 57, na watu wa huko hawakujisumbua kutafuta jina jingine, mahali penyewe panaitwa Hamsini na Saba. Abiria mgeni utamjua. Anaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, anacheka na jirani yake. Akifika ishirini na kitu, sauti imekatika, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Chini kabisa mashamba ya mpunga yamebaki vipande vya kijani, na lori lililo kwenye barabara kuu hulisikii tena.

Ukimaliza kona umefika nchi nyingine. Matamba, ambako ndiko ziliko ofisi za hifadhi, watu wamevaa makoti na kofia za sufu saa sita mchana. Sokoni ni viazi mviringo, na juu ya viazi, viazi tena. Mama anakusalimia "kamwene" huku mikono yote miwili ameizungushia kikombe cha chai. Wewe uliyetoka Chimala na fulana ya mikono mifupi unaanza kuelewa kwa nini konda alikuwa anakutazama kwa huruma.

Sasa twende uwandani. Na hapa naomba nikushauri jambo ambalo waandaaji wengi wa safari hawalisemi vizuri. Sisi tumezoea kwamba msimu wa kutembelea mbuga ni kiangazi. Nyasi zimekauka, wanyama wanakusanyika penye maji, barabara hazina tope. Basi watu wanakwenda Kitulo mwezi wa saba kwa mazoea hayo hayo. Wanakuta nini? Baridi kali, nyasi za rangi ya kahawia, na asubuhi jalidi imetanda nyeupe juu ya majani. Kwa kutembea na kuona mbali hapana ubaya, anga ni safi kweli kweli. Lakini maua hayapo. Maua ya Kitulo ni watoto wa mvua. Yanaanza mvua zinapokolea, Desemba, yanaendelea mpaka Aprili. Anayetaka kuyaona lazima akubali tope, ukungu, na nguo zisizokauka. Mwenye gambuti na aje na gambuti.

Kwa dirisha la gari utaona rangi. Hilo sikatai, na ni rangi nyingi: kuna mashina marefu yaliyobeba vichwa vyekundu juu na njano chini, yanasimama mamia kwa mamia mahali penye majimaji, na ndege aina ya chozi, yule dume wa kijani anayemetameta, anahama kichwa hiki kwenda kile akitia mdomo wake mrefu. Kuna vijiua vya manjano vilivyolala bondeni hadi macho yanachoka. Kuna mlonjo wa lobelia umesimama peke yake. Utapiga picha, utasema pazuri. Dakika ishirini zimepita. Halafu? Mtu aliyezoea kungoja chui juu ya mti anaanza kutazama saa.

Basi teremka. Hii ndiyo sababu nasema lile swali la simba tunaliuliza kinyume. Katika mbuga za simba wewe ni mfungwa wa gari, ukitoa mguu nje mwongoza watalii anapiga kelele. Kitulo unatembea. Askari wa hifadhi au mwongozaji anakuwa pembeni yako, mnaongea, mnakaa chini mkichoka, na pumzi itakukatika mapema kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo mtakaa mara nyingi. Kukosekana kwa simba ndiko kulikokufungulia mlango.

Na ukishateremka, piga magoti. Sisemi kwa utani. Wataalamu wa mimea wamehesabu kule aina zaidi ya 350, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini, nyingi zikiwa fupi kuliko nyasi zinazozizunguka. Ukisimama wima unazikanyaga.

Nilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mojawapo ya zile za jenasi Satyrium, mwongozaji, kijana wa huko huko Makete, alizitenganisha nyasi kwa vidole viwili kama anayefungua kitabu asichotaka kukikunja. Kulikuwa na shina moja nene, lenye maua madogo yamepangana kutoka chini hadi juu, ya chini yameshafunguka, ya juu bado yamefumba. Akaniambia, "Kaka, usiangalie mbele, angalia mgongoni." Mgongoni mwa kila ua vinaning'inia vijimkia viwili vyembamba. Ndani ya vijimkia hivyo ndimo ulimo utamu. Mdudu anayeutaka lazima aingize kichwa chini ya kofia ya ua, na wakati anafyonza, chavua inamganda. Siyo chavua ya kumwagika tunayoijua kwenye mahindi. Ya okidi imefungwa madonge, na donge lina gundi chini yake. Mdudu anaondoka nalo usoni, anakwenda ua la pili akidhani amefuata chakula. Jirani zake wa jenasi Habenaria wana mkia mmoja, mrefu zaidi, na wengi kati yao wana maua ya kijani au meupe yanayomgoja nondo wa usiku. Yote hayo yanafanyika kimya, chini ya kiwango cha goti lako, wakati wewe unauliza wanyama wako wapi.

Lakini kuna sehemu ya Kitulo ambayo hata magoti hayaifikii, nayo ndiyo inayoibeba Kitulo nzima. Iko chini ya udongo.

Okidi hizi zina viazi. Kwa kawaida ni viwili. Kimoja ni cha zamani, kimelegea na kuchoka, maana ndicho kilicholisha shina na maua unayoyaona leo. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa, nacho ni akiba ya mwakani. Mvua zikiisha, majani yananyauka na yote ya juu yanapotea, jalidi inapita, wakati mwingine moto wa nyika unapita, na kile kiazi kipya kimelala salama gizani. Ndiyo maana uwanda unaoonekana umekufa mwezi wa nane unalipuka rangi mwezi wa kwanza. Hakuna aliyepanda kitu. Vilikuwepo.

Sasa, kiazi hicho hicho kigumu cha mwakani ndicho kinacholiwa.

Jirani zetu wa Zambia wana chakula kiitwacho chikanda. Viazi vya okidi vinakaushwa, vinatwangwa, unga wake unachanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi, vinapikwa mpaka vinashikamana, kisha vinakatwa vipande kama mkate. Asili yake inahusishwa na Wabemba wa kaskazini, lakini siku hizi kinaliwa kuanzia vijijini hadi hotelini Lusaka. Ni kitamu, na sina neno na anayekipenda. Kila mtu na chakula cha kwao. Tatizo ni kwamba kadiri miji ilivyokua ndivyo viazi vya Zambia vilivyopungua, na wafanyabiashara wakavuka mpaka kututafuta. Njia yao kubwa ni Tunduma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vinavyochimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa kwa mwaka mmoja vilifika mamilioni, pengine hata milioni nne. Na mchimbaji hawezi kukipata kile kipya bila kung'oa mmea wote. Amechukua ua la mwaka huu, na la mwakani amelitia kwenye gunia.

Mtu atasema, si zitaota nyingine? Zitaota, ila si kwa haraka ya mihogo. Mbegu ya okidi ni vumbi. Haikubeba chakula chochote ndani yake, tofauti na punje ya mahindi au haragwe. Ikidondoka haiwezi kuota mpaka ikutane ardhini na kuvu wa aina inayoelewana nayo, kuvu huyo ndiye anayeilisha mpaka ipate nguvu. Maelfu ya mbegu hudondoka na kupotea ili moja ipate bahati hiyo, na hiyo moja itachukua miaka kabla haijatoa ua. Wataalamu wa Zambia na Uingereza wamekuwa wakijaribu kuzilima ili watu wapate chikanda bila kumaliza porini. Kazi ni ngumu kwa sababu hiyo hiyo.

Kisheria mambo yako wazi: okidi zote duniani zimo kwenye mkataba wa CITES, huwezi kuzivusha mpakani bila kibali, na ndani ya hifadhi huchimbi kabisa. Lakini mimi huwa siridhiki tunapomaliza habari kwa kumlaumu mama mwenye jembe. Watu wanaochimba viazi hivi mara nyingi ni kina mama na watoto, wanachimba miezi ambayo ghala limepungua, na anayetajirika yuko mjini mbali, hajawahi kuona lile ua likiwa na vijimkia vyake viwili. Hifadhi ilipotangazwa, jembe halikupotea. Lilihamia milima mingine isiyo na askari. Kuilinda Kitulo peke yake, majirani zake wakabaki na ubao wa makatazo tu, ni kuhamisha shimo.

Nimesema mengi kuhusu viazi, niseme na maji. Udongo wa Kitulo unatokana na majivu ya volkano za zamani za eneo la Rungwe, mweusi, mwepesi, unafyonza mvua na kuiachia taratibu. Vijito vinavyotoka pale vinashuka upande wa kaskazini kwenda bonde la Usangu, kule kwenye mpunga tulikoanzia safari, na kuchangia mto Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu unapita kinamasi cha Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unafika bwawa la Mtera, halafu Kidatu, ambako umeme unafuliwa. Kwa hiyo yule aliyeniuliza tembo wako wapi, jibu lake hili hapa: wako Ruaha, wanakunywa maji ambayo sehemu yake ilianza safari chini ya nyasi hizi. Na katika miaka ya kiangazi kikali Ruaha Mkuu umewahi kukauka kabisa ndani ya hifadhi, tukagombana sana kuhusu wakulima na wafugaji wa Usangu. Huko juu ulikoanzia hatukutazama sana.

Uwanda huu pia haujawahi kuwa pori tupu lisiloguswa. Zamani Wazungu waliuita uwanda wa Elton, kwa jina la balozi mdogo wa Uingereza, Frederic Elton, aliyepita nchi hizi mwaka 1877 na kufa mwaka huo huo akiwa Ugogo, kabla hajafika pwani. Baadaye walifugwa kondoo, na hadi leo shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa liko jirani na hifadhi. Utawakuta ng'ombe weusi kwa weupe ndani ya ukungu, ukafikiri umepotea njia ukatokea Uholanzi.

Na wanyama? Haya, nisije nikaonekana nawanyima. Ndege wapo. Yupo tandawala, mkubwa, anatembea kwenye nyasi kwa maringo ya mwenye nyumba. Yupo mbayuwayu wa buluu, adimu sana, anayekuja kuzaa huku wakati wa mvua na kuondoka kwenda nchi za ziwa Victoria mvua zikikatika. Huyu naye ni mtu wa chini ya ardhi: hujenga kiota ndani ya mashimo, likiwemo pango alilochimba muhanga akaliacha. Na kwenye msitu wa Livingstone, pembezoni mwa uwanda, anaishi kipunji, nyani wa mitini ambaye wanasayansi walimwona mwaka 2003, wakamtangaza duniani 2005, na mwaka uliofuata wakakiri kwamba amestahili jenasi yake mwenyewe. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya nyani kwa zaidi ya miaka 80. Wawindaji wa Kinyakyusa karibu na Rungwe walikuwa wanamjua miaka yote hiyo na jina walikuwa nalo. Waliulizwa, wakasema.

Sasa anayetaka kwenda. Nenda Januari au Februari. Beba sweta mbili, koti la mvua, na soksi za kubadili, na usitegemee duka la karibu. Chukua mwongozaji wa huko huko hata kama unadhani njia unaijua, kwanza kwa sababu ukungu ukishuka saa nane mchana hutaiona hata mikono yako, pili kwa sababu bila yeye utazipita okidi thelathini bila habari. Usichume. Hata lile moja la kumpelekea mama. Lala usiku mmoja angalau, maana wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni ndio wanaosema hakuna kitu. Na kwenye kushuka Hamsini na Saba, mwambie dereva atumie gia, asikanyage breki njia nzima. Harufu ile ya breki zinazoungua nimeinusa na sitaki uinuse.

Kuna pia njia ya tatu ya kuondoka, ambayo haina gari wala kona. Unavuka uwanda kwa miguu, unapita safu ya Livingstone, unateremka upande wa pili mpaka mchanga wa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, joto tena, samaki tena. Hiyo inataka kipindi kizima. Wiki ijayo, saa kama hii, tutashuka pamoja; mwenye viatu vinavyobana aanze kuvilainisha.